Kujua Lugha Si Kujua Kuifundisha

Zipo nyumba za askari na polisi mjini Kigali ambamo Kiswahili ni lugha ya baba. Alikipata Uganda, Tanzania au Kongo, naye hukitumia kila siku pamoja na wenzake kazini. Katika nyumba ya namna hiyo, kijana anapotangaza kwamba atasomea ualimu wa Kiswahili, baba hustaajabu. "Mwanangu, uende chuo kikuu miaka mizima kwa ajili ya lugha ninayoizungumza bila kalamu?" Mama hanyamazi: ataka kujua kama kazi hiyo itamlisha mtoto wake.

Maswali hayo yastahili kujibiwa, kwa kuwa ujana haurudi.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza walimu wengi wa Rwanda, na wengine waliikimbia nchi. Shule zilipofunguliwa tena, wengi waliosimama mbele ya ubao hawakuwa wamesomea kazi hiyo. Mwaka 1999 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu ya Kigali, chuo kilichokuwa na makao yake Remera, ili kuandaa walimu wa shule za sekondari. Mwaka 2013 kiliunganishwa na vyuo vingine vya umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mafunzo yake yalikuwa ya pande mbili: mwanafunzi alisoma masomo atakayofundisha, akajifunza pia jinsi ya kuyafundisha, kisha akapelekwa shuleni kufanya mazoezi mbele ya wanafunzi.

Upande huo wa pili ndio baba asiouona. Na aulizwe kwa nini husemwa "kitabu kizuri" lakini "nyumba nzuri". Atajibu, "Ndivyo isemwavyo." Jibu hilo latosha barabarani, lakini darasani halimsaidii mtoto. Mwalimu aliyesomea kazi yake huanzia pale mtoto alipo. Humkumbusha kwamba nyumbani husema igitabo na ibitabo, umuntu na abantu. Kwa hiyo kitabu na vitabu, mtu na watu, si wageni kwake.

Mwalimu huyo pia huujua mtego kabla mtoto hajanaswa. Katika Kinyarwanda umuti ni dawa, na mti huitwa igiti. Tena ulimi uliozoea Kinyarwanda huchanganya r na l. Mtu akakusudia kula chakula, wasikilizaji wakasikia kura. Mtoto anayechekwa kwa kosa hilo huogopa kufungua kinywa tena. Anayefanyishwa zoezi kwa upole hulishinda.

Kuhusu swali la mama, Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lakini sheria haifundishi. Anayefundisha ni mtu aliyeandaliwa, na kazi ya kumwandaa haiwezi kufanywa kwa siku moja.

Wala Kiswahili cha baba kisidharauliwe. Kijana anayesomea ualimu ahitaji mtu wa kuzungumza naye jioni, wa kumsikiliza asomapo gazeti kwa sauti, na wa kumsahihisha matamshi. Chuo kitampa kijana njia ya kufundisha, na baba atampa masikio. Mzazi mwenye hekima hatamzuia mwanawe. Atavuta kiti aketi naye.