Mtumbwi wa Mvuke Pwani ya Ujiji

Tulipofika Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tulimkuta mzee mmoja fundi pamoja na vijana wake wawili, wakifufua mashine ndogo ya mvuke ipate kuzungusha magurudumu ya makafi mbavuni mwa mtumbwi.

Silinda na pistoni zilikuwa nzima, maana aliyeiweka mashine zamani aliipaka grisi nyingi. Tukaikumbuka meli Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha katika ziwa hili hili, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena.

Bali chungu cha mvuke kilikuwa kimeliwa na kutu. Vijana walitaka kuwasha moto siku ile ile, kwa kuwa watu walikwisha kukusanyika. Mzee akakataa. Akakijaza maji baridi hata hewa yote ikatoka, kisha akayasukuma kwa pampu ya mkono hata nguvu yake ikazidi ile ya kazi kwa nusu. Mara mshono wa chini ukatoa machozi.

Hapakuwa na kishindo, kwa sababu maji hayashindiliki. Yakipata ufa hutoka kidogo tu, na nguvu huisha. Mvuke ungalikipasua chuma na kuwaua waliosimama pale.

Watu walitawanyika wakinung'unika, nasi tulinung'unika pamoja nao. Tuliondoka Ujiji pasipo kuuona mtumbwi ukienda. Njiani ndipo tulipokumbuka kwamba tulikuwa tumesimama karibu kuliko wote.