Kwa Salma, Kuhusu Uvimbe wa Paja

Mwanangu Salma,

Baba yako alinipigia jana usiku. Kumbe ule uvimbe wa pajani bado upo, unauma kila ukitoka netiboli, na bibi wa kuchua ameshaitwa mara mbili. Nakuandikia wewe, lakini mama yako naye akisoma si vibaya.

Mimi shangazi yako niliupata wangu nikiwa na miaka 19, kwenye shavu la mguu. Nikishinda nimesimama, jioni ulijaa. Nikilala na mguu juu ya mto, asubuhi ulikuwa umenywea. Wakasema msuli umechanika. Nikachuliwa nusu mwaka kwa mafuta ya karafuu, maumivu yakazidi. Kisha mahali fulani wakataka kuupasua siku hiyohiyo, bila picha yoyote. Babu yako akanishika mkono tukatoka. Nyama ya mtu, alisema, haikatwi kwa kubahatisha.

Eksirei ndiyo iliyoanza kusema: vijiwe vya mviringo, kama punje za mtama. Damu ikituama kwenye mishipa iliyotanuka huganda, na bonge hilo likazeeka likawa chokaa. Kipimo cha MRI kikaonyesha mengine: mishipa imesokotana ndani ya msuli kama mizizi ya mikoko. Jina lake himanjioma ya ndani ya msuli. Si saratani, wala haigeuki saratani. Katika himanjioma zote, hizi za msuli hazifiki hata moja kwa mia, basi usimlaumu daktari asiyeifikiria mara moja.

Sisemi wako ni huohuo. Ninachokukataza ni mkono wa mtu, wa kuchua au wa kisu, kabla ya picha. Anza na ultrasaundi ile inayoonyesha damu inavyotembea, kisha MRI. Wakihitaji kutoa kinyama kwa sindano, iwe hospitali iliyojiandaa kwa damu nyingi.

Na si kila uvimbe hupasuliwa. Wangu ulichomwa dawa ya kuziba mishipa, nikavaa soksi ya kubana; upo, tumezoeana. Kuukata hutaka kuondoa pia kipande kidogo cha msuli wenye afya ulio pembeni, la sivyo huota tena. Wewe mcheza netiboli, uliza utabakiwa na msuli kiasi gani.

Njoo Ijumaa, na kama umewahi kupigwa picha, uje na bahasha yake. Pesa ya MRI nitaongezea. Na mafuta ya karafuu yaliyobaki usiyatupe, niletee. Mgongo wangu bado unayataka.

Shangazi yako