Elimu ya Mizani

Biashara ni elimu kongwe kama haja ya mtu kwa kitu cha mwenzake. Walakini kijana akitangaza kwamba anakwenda ng'ambo kuisoma katika chuo kikuu, watu wa kwao hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huuliza kuuza na kununua kunasomwaje, ilhali mwenye duka wa jirani hakuketi darasani hata siku moja. Kundi la pili halina swali. Limekwisha kuamini kwamba msafiri atarudi tajiri. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao lina gharama, kwa sababu safari ya namna hii hulipiwa kwa mali iliyochumwa polepole na watu wengi.

Katika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, mali hiyo ina majina mawili, pamba na ng'ombe. Pamba hupandwa mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka. Hupaliliwa kwa jembe, huchumwa kwa mkono, safi ikatengwa na fifi, kisha ikapelekwa kituoni kupimwa. Kazi ni ya miezi mingi, kupima ni kwa dakika moja. Katika dakika hiyo jasho la mwaka mzima hugeuka tarakimu, na mshika mizani ndiye mwandishi wa tarakimu hiyo. Ng'ombe nao ni akiba ya nyumba nzima. Mzazi akitoa ng'ombe kwa ajili ya nauli na karo ya mwana mmoja, ametoa pamoja nao maziwa ya wadogo, mahari ya kaka, na kinga ya mwaka wa ukame. Kwa hiyo wanaobaki wana haki ya kuuliza, hata kama adabu huwanyamazisha: atarudi na nini kitakachotufaa sisi?

Swali hilo liliwahi kupata jibu katika nchi hiyohiyo ya pamba. Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925. Alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akakitumikia chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Zama hizo pamba ya Jimbo la Ziwa, ambamo Bariadi ilikuwamo, ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wengi wao wa asili ya Asia, na wakulima walinung'unika kwamba mizani haikusema kweli. Hawakukaa wakingoja mtu wa kuwaokoa. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaupima upya mzigo kabla haujapokewa na mnunuzi. Hapana ajabu katika hilo, kwani Wasukuma walikuwa na desturi ya zamani ya vijana kulima mashamba kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwaka 1952 Bomani alikuwa miongoni mwa waliounganisha jitihada hizo katika chama cha wakulima wa jimbo. Mwaka 1953 akaenda Uingereza, akasoma mambo ya ushirika huko Loughborough mpaka mwaka 1954.

Asili ya elimu ile inafaa ikumbukwe. Ushirika wa Uingereza hujivunia kisa cha watu 28 wa mji wa Rochdale, wafumaji na mafundi wengine, waliofungua duka lao mwaka 1844. Ujira wao ulikuwa mdogo, na wauzaji wa siku zile walizoea kughushi unga na kupunja uzito. Watu wale walichanga fedha kidogo kidogo, wakauza unga, siagi na sukari visivyoghushiwa na kwa kipimo kamili. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na faida ilirudi kwa mnunuzi kwa kadiri alivyonunua. Zama hizo Rochdale ilikuwamo katika Lancashire, nchi iliyokuwa na viwanda vya kusokota na kufuma pamba vilivyovisha nguo sehemu kubwa ya ulimwengu. Basi mtu aliyetoka mwanzo wa uzi, shambani, aliikuta katika mwisho wa uzi habari ya watu waliolizwa na mizani kama wakulima wa kwao, na wakapata dawa yake. Faida kubwa ya kusoma ugenini ni hii, kutambua kwamba dhiki iliyodhaniwa kuwa ya kabila moja ni dhiki ya wanadamu, na kwamba ina kanuni za kuiondoa.

Bomani alirudi. Mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, naye akawa meneja wake mkuu. Muungano ukanunua pamba, ukamiliki viwanda vya kuichambua, na ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Mwaka 1962 meneja yule alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Lau kisa kingeishia hapo kingekuwa kitamu, walakini kisingekuwa kamili. Mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu wakulima walikuwa wakinung'unika tena, safari hii juu ya vyama vilivyoitwa vyao. Muungano ule ulivunjwa, na mwaka 1968 nafasi yake ikashikwa na chama kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilifutwa. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Mizani ilikuwa imebadili mikono, na tamaa haikuchagua rangi ya mkono. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba daftari lisilosomwa na wenye mali halina tofauti na daftari lisilokuwapo.

Kijana wa Bariadi anayesoma biashara ng'ambo leo hukutana na mizani iliyo mbali zaidi. Katika soko la New York bei ya pamba hutajwa kwa senti za dola kwa pauni moja, yaani gramu 454 hivi. Mikataba mingi ya pamba duniani hufuata kanuni zinazotungwa Liverpool. Sehemu kubwa ya nyuzi za pamba ya Tanzania huuzwa nje, na bei ya kilo moja Bariadi ni mwangwi wa sauti za huko. Hujifunza pia hesabu ambayo mzazi wake hakuonyeshwa. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kama theluthi moja au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta, na makapi yake ni mashudu ya kulisha mifugo. Hufahamu vilevile kwamba mkulima atiaye maji au mchanga katika pamba ili uzito uongezeke huiharibia jina pamba ya nchi nzima, na bei yake hushuka juu ya wakosefu na wasio wakosefu. Kupunja kuna milango miwili.

Elimu hii ikiisha kupatikana, njia huwa nyingi. Yuko atakayebaki ugenini na kuleta fedha nyumbani kila mwezi. Hizo ni msaada, wala hazistahili dharau. Yuko atakayerudi na kukaa kwenye meza ya kampuni inayonunua, ambako sifa yake ni kupata pamba kwa bei nafuu, yaani bei nafuu kutoka kwa mama yake. Kazi hiyo ni halali. Ila hapo ng'ombe waliouzwa wamenunua uhodari unaofanya kazi upande wa pili wa mizani, na waliowatoa hawana habari.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini kurejea kwa mwili si sharti la pekee, wala shahada si ushahidi wa kutosha. Kipimo cha mwanafunzi wa biashara wa Bariadi ni chepesi kutaja na kigumu kutimiza. Mama yake akisimama kituoni na mfuko wa pamba, akauliza kwa nini bei ya mwaka huu ni hii na ya mwaka jana ilikuwa ile, je, mwana aweza kumweleza kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, kutoka mizani ya kijijini mpaka soko la New York, hata mama naye aweze kumweleza jirani? Akiweza, ng'ombe wamelipwa. Asipoweza, deni lingalipo, hata akirudi na fedha nyingi.