Coaster ya Mkongwe: Ipigwe Rangi au Iachwe?

Wadau, wiki nzima naulizwa swali moja tu: ile Coaster ya mkongwe wetu inapigwa rangi au haipigwi? Jina nalihifadhi, watu wa Nachingwea na Ruangwa mshamjua.

Kwa wageni, hiyo ndo gari iliyokuwa inashuka kusini na wasanii kila msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hela zikianza kutembea. Siti za nyuma zilitolewa, kikawekwa kitanda, friji ndogo, sinki na pazia la zambarau. Sisi watoto tulikuwa tunaikimbiza kwenye vumbi jekundu mpaka macho yanawasha. Kwa hiyo msiniambie ni bati tu.

Sasa imechoka. Paa limebabuka kwa jua, milango imeanza kutu. Fundi rangi mmoja wa hapa Nachingwea kamwambia ukweli: "Mzee wangu, kazi siyo kupuliza, kazi ni msasa." Unakwangua mpaka kwenye bati, kutu yote itoke, puti, msasa tena, praima, ndo rangi. Ukipuliza juu ya kutu, mvua za msimu mmoja tu inavimba upya. Halafu gereji zetu ziko chini ya mwembe. Kiangazi vumbi linaganda kwenye rangi mbichi, mvua zikianza unyevu unaifubaza. Inabidi kukodi sehemu yenye kuta na paa, na hiyo ni hela nyingine.

Na yeye anataka nyeusi! Kwenye kadi ya gari imeandikwa nyeupe, kwa hiyo kadi nayo ibadilishwe, la sivyo trafiki wa kwanza tu anakuweka pembeni.

Ila tusidanganyane, ishu siyo kutu. Ubavuni kuna jina la yule dada aliyekuwa anaimba naye, limechorwa kwa mkono, kubwa kuliko la mkongwe mwenyewe. Waliachana, mnajua. Kutu iko mlangoni na juu, mbona anataka kuanzia ubavuni?

Nilimuuliza. Akacheka: "Mdogo wangu, biashara haitaki kumbukumbu."

Nikampigia dada. Wala hakulilia jina. Anasema nusu ya hela ya kununulia gari ilitoka kwenye shoo zake, ila kadi ina jina la mtu mmoja, na siyo yeye. Yale maandishi ya ubavuni ndo kitu pekee kinachoonyesha kwamba na yeye alikuwepo.

Msimamo wangu: paa na milango apige hata kesho, nyeupe ileile. Ubavu auache mpaka wakae wawili, na mtu mzima katikati, wamalizane hela. Timu mkongwe mtanishukia, poa tu, wengi wenu mna picha mmeegemea lile jina.

Fundi kasema anaanza Jumatatu, msasa ushanunuliwa. Mwenye picha ya zamani inayoonyesha ubavu wote anitumie, dada anazitafuta.