Gabon: Usiku wa iboga, mizizi michungu na maswali ya mzazi

Nchini Gabon, mtu anayetibu kwa mila huitwa nganga. Mswahili akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani, kwa kuwa ni ndugu wa neno mganga. Lugha za Kibantu zimelibeba kutoka pwani ya Atlantiki hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, kazi ya nganga wa Bwiti haifanani na ya yule anayebandika namba ya simu kwenye nguzo za umeme na kuahidi kumrudisha mpenzi ndani ya saa tatu.

Bwiti ni imani, ni chuo cha maadili, na ni tiba. Kiini chake ni iboga, kichaka cha msituni ambacho magome ya mizizi yake, yakiliwa kwa wingi, humlaza mtu usiku kucha akiona yasiyoonekana. Miaka ya karibuni wageni kutoka Ulaya na Marekani wamekuwa wakifunga safari kwenda huko. Wapo wenye sonona, wapo waliofiwa, wapo askari wastaafu wasiolala usingizi, na wapo vijana wanaotaka kuacha heroini.

Hapo ndipo habari hii inapogusa nyumba za huku kwetu. Mzazi mwenye mtoto aliyenaswa na unga, akiona kwenye simu video ya mzizi unaodaiwa kukata arosto kwa usiku mmoja, moyo lazima umwende mbio.

Njia ya kwenda msituni

Safari nyingi huanza Libreville, mji mkuu. Jina lake maana yake ni mji huru. Mwaka 1849 watu waliookolewa kutoka meli ya watumwa iitwayo Elizia walipewa makazi hapo. Mgeni anapoingia huulizwa kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ile ile ambayo wasafiri wa Afrika Mashariki wanaijua. Lugha ya ofisi na sokoni ni Kifaransa, na fedha ni faranga ya CFA.

Gabon ina watu takriban milioni mbili na nusu tu, na zaidi ya asilimia 80 ya nchi ni msitu. Ukitoka Libreville kuelekea kusini, majengo huisha mapema na kijani kinaanza. Malori yaliyobeba magogo ya mti wa okoumé hupishana na magari ya abiria. Barabara huvuka mstari wa ikweta kabla ya kufika Lambaréné, mji uliokaa kwenye kisiwa katikati ya mto Ogooué, kilomita zipatazo 240 kutoka mji mkuu.

Lambaréné unajulikana duniani kwa hospitali aliyoianzisha daktari Albert Schweitzer mwaka 1913. Wazazi wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi nao wana udugu wa mbali na mji huu bila kujua. Watoto wa Lambaréné walishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, majaribio yale yale yaliyofanyika Bagamoyo, Korogwe na Kilifi.

Jina la mji huo liliwahi pia kuandikwa kwenye kopo la vidonge. Kuanzia mwaka 1939, maduka ya dawa ya Ufaransa yaliuza vidonge vya kuondoa uchovu vilivyoitwa Lambarène. Ndani yake kulikuwa na kiasi kidogo cha ibogaini, kemikali kuu ya iboga, ambayo wanasayansi walikuwa wameitenga mwaka 1901. Baadaye vidonge hivyo viliondolewa sokoni, na leo Ufaransa imeiweka iboga kwenye orodha ya dawa za kulevya.

Kusini zaidi kuna mkoa wa Ngounié, wenye makao makuu Mouila. Huko wanaishi Wamitsogo, Waapindji na Wamasango, makabila yanayohesabiwa kuwa walezi wakongwe wa Bwiti. Wao wenyewe husema elimu ya iboga waliipata kwa Wababongo, watu wa msituni waliotangulia kuujua kila mzizi na kila jani. Wafang wa kaskazini waliipokea baadaye wakaichanganya na Ukristo, hivyo katika baadhi ya nyumba zao za ibada jina la Yesu hutajwa pamoja na majina ya mababu.

Usiku wa mwali

Anayeingizwa kwenye Bwiti huitwa banzi. Kwa msomaji aliyecheza jando au unyago, neno la karibu zaidi ni mwali. Naye ana wazazi wake wa ibada, baba na mama wanaomsimamia, mithili ya somo au kungwi.

Kabla ya usiku wenyewe kuna maandalizi. Mwali hufunga kula. Huogeshwa mtoni kwa maji yaliyotiwa majani, na mwili hupakwa udongo mweupe na unga mwekundu wa mti. Katika tawi la Bwiti linaloshughulikia uponyaji, liitwalo Missoko, hutakiwa pia kuungama: aseme alichokosa, aliyemkosea, na anachokificha. Wazee wanaamini kwamba mtu mwenye siri nzito tumboni atateswa na iboga.

Giza likiingia, vienge vya utomvu wa okoumé huwashwa. Kinubi chenye nyuzi nane kiitwacho ngombi huanza kulia, na upinde wa mdomo uitwao mongongo hujibu. Manyanga na makofi hufuata. Mwali huanza kulishwa magome ya mzizi yaliyokwanguliwa, kidogo kidogo. Ni machungu kupita kiasi, na mdomo hufa ganzi.

Katika dozi ndogo, iboga haina maajabu hayo. Wawindaji wameitumia tangu zamani ili wasilale, wasichoke na wasione njaa wakiwa mawindoni. Usiku wa kuingizwa ni jambo jingine kabisa. Mtu hutapika. Miguu hukosa nguvu, akitembea anayumba, hatimaye analazwa kwenye mkeka. Kichwani zinapita picha: utoto wake, waliokufa, nyumba asizozijua, makosa aliyoyasahau. Wazee hukaa pembeni wakimuuliza anaona nini, na kwa majibu yake wanajua yuko wapi katika safari hiyo.

Hali hiyo huweza kudumu zaidi ya saa 24, na ibada nzima ikachukua siku kadhaa. Ikiisha mwali hupumzishwa, hulishwa, na mara nyingi hupewa jina jipya. Kuanzia hapo ana ukoo wa pili. Akiugua, akifiwa, akigombana na mkewe, kuna watu wa kumuita.

Jambo hilo la mwisho halionekani kwenye video. Kwa Wagabon, mzizi haufanyi kazi peke yake. Kuna baba wa ibada anayejua historia ya mwali, kuna kijiji kilichokesha naye, na kuna miaka ya kukutana tena. Mgeni analipa maelfu ya dola, anakaa wiki moja au mbili, kisha anapanda ndege kurudi kwenye chumba kile kile na mtaa ule ule alikokuwa akinunua dawa.

Sayansi inasema nini

Habari za iboga na heroini zilianza mwaka 1962 huko New York. Kijana wa miaka 19, Howard Lotsof, alimeza ibogaini akitafuta kulewa. Athari zilipokwisha akagundua hana hamu ya heroini na hana maumivu ya kuikosa. Alitumia maisha yake yaliyobaki akihimiza watafiti waichunguze.

Tangu hapo ushahidi umekuwa ukikusanyika polepole. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya askari wastaafu 30 wa Marekani waliokuwa na madhara ya majeraha ya ubongo. Walitibiwa kwa ibogaini pamoja na magnesiamu katika kliniki nchini Mexico, na dalili zao za sonona, wasiwasi na kiwewe zilipungua kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo idadi yao ilikuwa ndogo, na hapakuwa na kundi lililopewa dawa bandia ili kulinganisha. Mwaka 2025 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kutenga dola milioni 50 kwa ajili ya utafiti zaidi. Pamoja na hayo, sheria ya taifa la Marekani bado inaiweka ibogaini katika kundi la dawa zilizopigwa marufuku kabisa.

Sababu ya tahadhari hiyo ni moyo. Ibogaini huvuruga umeme unaoendesha mapigo. Inaziba njia ambazo potasiamu hupitia kwenye seli za moyo, na moyo unachelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwa mtu mwenye hitilafu ndogo ambayo hata haijui, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla akafa. Hatari haiishi usiku ule, kwa sababu mwili huigeuza ibogaini kuwa kemikali nyingine inayobaki ndani kwa siku kadhaa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulihesabu vifo 19 vilivyotokea baada ya watu kutumia ibogaini kati ya mwaka 1990 na 2008. Kati ya 14 ambao taarifa za uchunguzi wa miili yao zilitosha, 12 walikuwa na maradhi makubwa, hasa ya moyo, au dawa nyingine za kulevya mwilini, au vyote viwili.

Mzizi wa taifa

Wagabon nao wana hofu yao. Kinachotumika ni mzizi, na anayeung'oa mmea mzima ameua kichaka kilichochukua miaka kukomaa. Zamani familia zilipanda iboga uani na kuchimba kwa kiasi. Wateja wa nje walipoongezeka, wezi waliingia msituni na kwenye hifadhi, bei ikapanda, na wazee wa vijijini wakaanza kuhangaika kupata mzizi wa ibada zao wenyewe.

Serikali iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na mwaka 2019 ikasimamisha kuuzwa kwake nje ya nchi. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa iboga kupitia mtandao, akikuhakikishia umetoka Gabon, ana maswali ya kujibu kabla hata ya kufika kwenye afya.

Mzazi afanye nini

Kwanza, usimlaumu mtoto wako kwa kutamani njia ya mkato. Arosto inauma. Kutapika, kuharisha, mifupa kuuma na kukosa usingizi kwa siku kadhaa si mchezo, na anayetafuta mzizi wa kukata maumivu hayo anatafuta kupona.

Pili, jua kwamba mchanganyiko wa hatari zaidi ni ule unaoweza kutokea huku kwetu. Methadoni nayo huchelewesha umeme wa moyo. Kijana anayeinywa kila asubuhi kliniki, kisha kwa siri akameza iboga iliyoagizwa mtandaoni, anaurundikia moyo mizigo miwili kwa wakati mmoja. Iboga ikiwa imetajwa nyumbani, mweleze muuguzi au daktari wa kliniki hiyo. Hutakuwa unamchongea, utakuwa unamlinda.

Tatu, kwa mtu mzima aliyeamua kusafiri hadi Gabon, yapo maswali ya kumuuliza mwenyeji kabla ya kulipa hata senti. Je, anataka majibu ya kipimo cha ECG, ini na damu? Anauliza dawa zote unazotumia, zikiwemo za sonona? Usiku huo yupo mtu wa afya mwenye vifaa vya kuuzindua moyo? Hospitali ya karibu iko umbali gani, na gari la kumpeleka mgonjwa lipo? Mzizi ameutoa wapi? Mwenyeji anayesema mababu watamlinda mgeni, kwa hiyo vipimo havihitajiki, tafuta mlango wa kutokea.

Nne, tumia kilichopo karibu. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo imeenea mikoa mingine na nchini Kenya. Zipo pia soba hausi, ingawa nazo mzazi anapaswa kuzikagua kabla ya kumwacha mtoto. Methadoni haina kinubi wala vienge. Ni kikombe kidogo kila siku, kwa miezi au miaka, na foleni ya asubuhi.

Kitu kimoja cha Bwiti kinaweza kuigwa bila kumeza mzizi wowote. Mwali wa Ngounié haachwi kukesha peke yake, na usiku ukiisha bado ana watu. Kijana anayeacha unga Temeke au Malindi anahitaji hivyo hivyo: baba wa kumsindikiza kliniki wiki za mwanzo, shangazi wa kumsikiliza bila kumsimanga, na nyumba ambayo akiteleza mara moja hafungiwi mlango.