Wakazi Wadogo wa Tope la Gazi

Ukivuka kivuko cha Likoni kutoka Mombasa na kufuata barabara ya kusini kwa kilomita zipatazo 50, utafika Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale. Hapo pana daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko, nalo liko mikononi mwa kikundi cha akina mama. Tulilipita bahari ikiwa imekupwa.

Macho yetu yalikuwa kwa ndege na kaa. Lakini wakazi walio wengi wa hapo hawaonekani bila hadubini. Ni wanyama wasio na uti wa mgongo, wadogo hata hupenya chekecheo lenye matundu ya milimita moja. Mwaka 1992 watafiti walichapisha hesabu ya tope la Gazi: chini ya miti ya muia walikuta wanyama 6,707 katika sentimita 10 za mraba, eneo dogo kuliko kisanduku cha kiberiti! Walitambua makundi 17, na minyoo mviringo ilifikia hata asilimia 95.

Usishtuke kusikia minyoo. Sisi wauguzi twajua hofu ya mama. Hii hujiishia topeni. Siyo ile isumbuayo matumbo ya watoto wetu. Ile huenezwa na kinyesi cha binadamu, na kinga yake ni choo, sabuni na viatu.

Wakazi hawa wana kazi. Majani ya mikoko yakianguka, bakteria huyaozesha. Wadogo hawa hula bakteria na mwani, kisha nao huliwa na kamba na samaki wachanga. Basi kitoweo kilichomo sufuriani mwako huenda kilianzia katika tope jeusi linalonuka kama yai viza.

Mikoko ikikatwa kwa kuni na nguzo, kivuli na majani hutoweka, jua hulikausha tope na mawimbi hulichukua. Anayepungukiwa mwishowe ni mtoto mezani. Wanakijiji wa Gazi wameliona hilo. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja hulinda na kupanda miti hiyo, na mapato yake yamesaidia maji na shule.

Nasi tuishio pwani tuanzie jikoni: tusinunue kuni za mikoko, wala tusimwage taka ufukweni. Tope lile ni ghala la chakula chetu.