Kitanda cha Mgeni: Lala Wewe Kwanza

Mimi ni mama mkulima wa Issenye, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Nalima pamba, mahindi na mtama. Nimezaa watoto watano. Wote wamekua, na wote wameondoka kutafuta maisha. Leo nataka kuwaeleza habari ya vitanda viwili. Msicheke. Vitanda hivyo nusura vinitenge na mwanangu.

Binti yangu wa kwanza anafanya kazi Mwanza. Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, huja likizo pamoja na watoto wake wawili. Zamani tulibanana wote katika chumba changu. Nikasema hapana, wanangu wapate nyumba yao ya kupumzikia. Nikafyatua matofali na kuyachoma. Nikauza pamba misimu miwili, nikaezeka bati. Nyumba ikawa na vyumba viwili na kibaraza. Fundi akatengeneza vitanda. Sasa vilibaki vitu vya kulalia tu.

Nikaenda mnadani. Hapo ndipo nilipokosea.

NILINUNUA KWA MACHO

Nilinunua magodoro mawili ya sponji, futi 4 kwa 6. Yalikuwa yamefungwa kwa nailoni. Nikaiacha ile nailoni ili magodoro yasichafuke. Nilinunua mashuka mekundu yanayong'aa, yenye maua makubwa. Ukiyagusa yanateleza. Nilinunua mablanketi mazito ya manyoya yenye picha ya simba. Sisi wa Serengeti simba tunao karibu, lakini mimi nilimleta mpaka kitandani. Nilinunua mito iliyoshindiliwa vipande vya sponji, migumu kama kinu. Mwisho nilinunua vyandarua vidogo vya duara, kwa sababu vilikuwa na urembo juu.

Majirani walikuja kutazama. Wakasema, "Mama, hiki ni kitanda cha waziri." Nilifurahi sana. Nilifunga mlango kwa kufuli, nikangoja Desemba.

WAGENI WAKAHAMA

Wanangu walikuja. Usiku wa kwanza walilala katika nyumba yao. Asubuhi binti yangu akaniamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmelalaje?"

"Tumelala salama, mama."

Lakini macho yake yalikuwa mekundu. Usiku wa pili nilisikia mlango unafunguliwa. Nikachungulia. Nilimwona amekaa kibarazani, amempakata mtoto mdogo. Alikuwa anampepea kwa kanga.

Siku ya tatu akaniambia kwa upole, "Mama, tutakuwa tunalala Mugumu. Mchana tutakuja kushinda na wewe." Wakachukua chumba katika nyumba ya wageni.

Kila jioni walipanda gari wakaondoka. Kijijini hakuna siri. Watu wakaniuliza, "Wajukuu wako wanakwenda wapi kila jioni?" Nikasema wana shughuli mjini. Nilisema uongo, kwa sababu niliona aibu. Moyoni nilisema: mwanangu amekuwa mtu wa mjini, sasa anaidharau nyumba ya mama yake. Sikumwuliza neno. Nilinyamaza, hasira ikakaa ndani.

Waliporudi Mwanza mtoto mdogo aliugua malaria. Alitibiwa akapona. Sisemi kwamba aliambukizwa kwangu, maana mbu wa malaria wako huku na Mwanza pia wako. Lakini habari ile ilinikaa moyoni. Mwaka uliofuata hawakuja. Binti yangu alisema hakupata likizo. Mimi sikuamini. Simu zikawa chache, na maneno yakawa ya salamu tu.

USIKU NILIOLALA MWENYEWE

Mwezi wa Februari fundi alikuja kupiga lipu chumba changu. Nikahamia nyumba ya watoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala mle ndani.

Bati lilikuwa limekula jua mchana kutwa, na joto bado lilikuwa ndani. Nikalala juu ya shuka linalong'aa. Muda si mrefu jasho likaanza kunitoka. Halikuwa na pa kwenda. Shuka halikulinyonya. Chini yake nailoni ya godoro ilinishika kama jasho la mtu mwingine. Kila nilipogeuka ililia kwacha, kwacha. Nikajifunika blanketi, nikaungua. Nikaliondoa. Alfajiri baridi ikaja, nami sikuwa na kitu chepesi cha kujifunika. Chandarua kilikuwa kidogo, mkono wangu uligusa wavu. Kulipokucha mkono ule ulikuwa na alama za mbu. Mbu huuma kupitia wavu ukiugusa.

Nikamkumbuka mjukuu wangu. Nililia.

Asubuhi nikampigia simu binti yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, jana nimelala kwenye kitanda chako." Akanyamaza. Kisha akasema, "Pole mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, uliuza pamba misimu miwili. Ningekuambiaje?"

Basi nikajua. Yeye alikuwa ananionea huruma mimi, na mimi nilikuwa nimemkasirikia yeye.

PAMBA NI YETU

Ndugu zangu, nilikaa nikafikiri. Mimi ni mkulima wa pamba. Pamba yangu huenda kiwandani ikachambuliwa, mbegu huku na nyuzi huku. Sehemu kubwa ya nyuzi za pamba ya Tanzania huuzwa nchi za nje. Huko watu hufuma mashuka mazuri wakalalia. Na mimi mwenye shamba nilimtandikia mwanangu nailoni! Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alijua kulala. Alilalia ngozi ya ng'ombe. Ngozi haikumshika jasho. Watu wa pwani, wenye joto kutuzidi, tangu zamani wana kitanda cha kamba na mkeka wa ukindu. Hewa hupita chini, mtu analala vizuri.

Nikaanza upya. Safari hii sikununua kwa macho. Nawaeleza nilivyofanya.

Kwanza, nilitoa nailoni yote kwenye magodoro. Nailoni huzuia hewa na hutunza jasho. Nilishona mifuko ya kitambaa cha pamba, nikayavika magodoro. Mfuko ukichafuka naufua. Godoro naliegemeza nje lipate hewa na jua.

Pili, nilitafuta mashuka ya pamba. Pamba hunyonya jasho, kisha hewa hulikausha. Si kila muuzaji anasema kweli, kwa hiyo nilimwomba anipe uzi mmoja wa pindo. Nikauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa nailoni au poliesta huyeyuka, hujikunja, na huacha tonge gumu. Kama huna kiberiti, dondosha tone la maji. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa hulinywa mara moja.

Tatu, nilipima kabla ya kununua. Kitanda changu kina upana wa futi 4. Godoro lina unene wa nusu futi, kulia na kushoto. Hiyo ni futi 1. Nusu futi ya kuchomeka chini kila upande; hiyo ni futi 1 tena. Jumla ni futi 6. Kwa urefu, futi 6 za kitanda ukiongeza 2 ni futi 8, yaani karibu mita 2 na nusu. Shuka la kwanza lilikuwa fupi, ndiyo maana watoto waliamka limekunjamana miguuni. Nilinunua mashuka meupe, jozi mbili kwa kila kitanda. Jozi moja iko kitandani, jozi moja iko kamba ya kuanikia. Shuka jeupe husema kweli. Uchafu ukiwapo unauona, na kunguni akipita unamwona.

Nne, mablanketi ya simba niliyahamishia chumbani kwangu kwa ajili ya Juni na Julai, maana alfajiri zetu za miezi hiyo zina baridi. Kwa wageni niliweka blanketi jepesi, limekunjwa miguuni. Juu yake niliweka kanga. Mgeni akisikia joto anajifunika kanga. Baridi ya alfajiri ikija anavuta blanketi. Huku kwetu usiku mmoja una hali mbili, basi kitanda kiwe tayari kwa zote mbili.

Tano, mito. Nilifumua ile migumu, nikapunguza vipande vya sponji mpaka mto ukawa laini. Nikaivika foronya za pamba. Kama unapata sufi, mto wa sufi ni mwepesi na mzuri. Lakini mto wa sufi huanikwa juani, haufuliwi. Kinachofuliwa ni foronya.

CHANDARUA SI PAMBO

Sita, chandarua. Kati ya mwaka 2009 na 2011 vyandarua vyenye dawa viligawiwa bure nchini, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka 5, kisha kwa kila mahali pa kulala. Na mimi nilipata. Lakini chandarua hakiishi milele. Chandarua chenye dawa ya kudumu hutumika kama miaka 3, kisha dawa hupungua na wavu hutoboka. Vyangu vilikuwa vimekwisha, ndipo nikanunua vile vya urembo.

Sasa nilinunua vya pembe nne, vikubwa, vyenye dawa. Nilipigilia misumari minne ukutani, nikavifunga pembe zote. Wavu unakaa mbali na mwili, na chini unachomekwa chini ya godoro. Chandarua hiki hufuliwa kwa sabuni ya kawaida, bila kusuguliwa sana, tena huanikwa kivulini. Jua kali huharibu dawa.

Saba, kunguni. Huyu husafiri ndani ya mizigo, hachagui tajiri wala maskini. Wageni wakiondoka natazama mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Mashuka nayaloweka katika maji ya moto sana. Nyufa za kitanda nazimwagia maji yanayochemka.

Kisha nilifanya jambo la nane, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Nililala mwenyewe. Nililala usiku mmoja katika kitanda cha kwanza, na usiku wa pili katika kitanda cha pili. Usiku ule wa pili nikagundua dirisha halipitishi hewa, kwa sababu kitanda kilikuwa pembeni mno. Nikakisogeza, nikatia wavu dirishani. Hilo nisingelijua kwa kutazama tu.

WAMERUDI

Desemba ilipofika walikuja. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Nilikuwa nasikiliza kama mlango utafunguliwa. Haukufunguliwa. Jogoo aliwika, kimya. Jua likachomoza, kimya. Nikapika uji, ukaanza kupoa. Saa mbili asubuhi mjukuu wangu mdogo akatoka, uso umevimba kwa usingizi, kanga begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umelalaje?"

Hakujibu. Alipiga miayo, akakaa karibu nami, akaomba uji.

Mugumu hawakwenda tena, ila siku moja kununua sukari.

Ndugu wasomaji, siku hizi majirani wakiingia katika nyumba ile hawasemi ni kitanda cha waziri. Wanaona mashuka meupe na kanga, basi. Mimi sijali. Kitanda cha mgeni hakitandikwi kwa ajili ya jicho la anayepita. Kinatandikwa kwa ajili ya mwili wa atakayelala. Na mgeni mwenye adabu hatakuambia ukweli. Atasema amelala salama, kisha hatarudi.

Kwa hiyo usingoje kuambiwa. Kabla mwanao hajaja likizo, chukua taa, ingia chumba chake, funga mlango. Lala wewe kwanza.